Muziki wa kelele: hedifoni nyumbani au spika za ukumbini?

Mashabiki wa Merzbow, yaani Masami Akita wa Tokyo, mwanamuziki wa kelele aliyeanza kazi hii mwaka 1979, hawaishi kubishana: kelele zake zisikilizwe wapi?

Kwa nguvu za kutikisa mwili, ukumbi hauna mpinzani. Besi iliyo chini ya Hz 100 (mitetemo 100 kwa sekunde) haiishii masikioni. Hutetemesha kifua, nguo, hata sakafu unayokanyaga. Throbbing Gristle, kundi lililoundwa Uingereza mwaka 1975, lilipopanda jukwaani lilimkabili msikilizaji kwa sauti badala ya kumbembeleza. Tumbo hukaza, jasho hutoka, na kitufe cha kupunguza sauti huna. Binafsi naona utamu uko hapo hapo, ingawa ni utamu wa ajabu.

Hedifoni haziwezi hayo. Zenyewe hushinda kwa undani: mikwaruzo na miluzi inayomezwa na mwangwi wa ukumbi husikika mmoja mmoja. Gharama? Ukishazinunua umemaliza; ukumbi unadai tiketi na nauli kila mara.

Suala zito ni masikio. Kikomo cha usalama kinachotumika sana kazini ni desibeli 85 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda hupungua nusu, hivyo desibeli 100 ni dakika 15 tu. Kwa hiyo ukumbini vaa vizibo vya masikio (besi bado itakufikia kifuani, usijali). Hedifoni nazo huumiza, tena kimyakimya. Mwenye mlio masikioni abaki nyumbani, sauti chini. Anayetaka kutishwa aende ukumbini, asimame mbali na spika, na atoke akizidiwa.