Publication 525 ya IRS: inamtosha mtumishi aliyeishinda serikali mahakamani?

Kijitabu hiki cha IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kinaeleza mapato yapi yanatozwa kodi; ni cha bure, unakipakua kwenye tovuti yao. Sehemu ya tuzo za mahakama ni fupi mno kwa mzigo iliyobeba. Usitafute ukurasa wa vigogo, haumo. Donald Trump, aliyefungua kesi Miami Januari 2026 akiidai IRS na Wizara ya Fedha angalau dola bilioni 10 kwa kuvujishwa kwa taarifa zake za kodi, na karani wa posta aliyebaguliwa kazini wanaanzia kanuni zilezile.

Mgawanyo wa fidia umeelezwa vizuri. Ya jeraha la mwili haitozwi. Ya msongo wa mawazo inatozwa, isipokuwa kiasi kilicholipia matibabu yake ambacho hukukikata kwenye kodi hapo nyuma. Tangu sheria ya 1996, neno "mwili" ndilo linaloamua, kwa hiyo kukosa usingizi kwa sababu ya bosi hakukuokoi. Malimbikizo ya mshahara huja kwa Fomu W-2, taarifa ya mshahara kutoka kwa mwajiri, kodi imeshakatwa. Riba huingia mstari wa 2b wa Fomu 1040, ritani yako ya kodi ya mwaka, na fidia ya msongo mstari wa 8z wa kiambatisho chake, Schedule 1. Mkataba wa suluhu usipotaja kila fungu ni la nini, utabishana na IRS ukiwa mikono mitupu.

Kijitabu kinachechemea kwenye ada ya wakili. Chukua suluhu ya dola 200,000, wakili abaki na asilimia 40. Mfukoni unaingia na 120,000, lakini mapato yako kisheria ni zote 200,000. Mahakama ya Juu ilishaamua hivyo 2005. Kesi ikiwa ya ubaguzi au ya ajira, zile 80,000 unazitoa mstari wa 24h wa Schedule 1, basi. Kesi ya kuvujishiwa siri haitajwi kwenye orodha ya kesi zenye punguzo hilo, na punguzo likikataliwa unalipia kodi hata pesa ya wakili.

Hapo kijitabu kinasema punguzo linahusu pia "dai dhidi ya serikali ya Marekani". Maneno hayo yanapotosha. Kifungu cha 62 cha sheria ya kodi, chenye punguzo hilo, kinalenga kesi za wanaofichua madai ya uongo yanayoilaghai serikali. Si kila anayeishtaki.

Mtego mwingine umepewa sentensi moja tu: punguzo halizidi mapato ya kesi hiyo katika mwaka uleule. Ukimlipa wakili kwa saa mwaka 2024 na fidia ikaingia 2025, malipo ya 2024 yamekupotea. Ada inayokatwa siku ya malipo haina tatizo hilo.

Fidia ya kuadhibu imeelezwa pia, ingawa serikali kuu kwa kawaida haitozwi hiyo. Anayeishtaki aruke aya hiyo, isipokuwa aliyevujishiwa taarifa za kodi: sheria inamruhusu kuidai uvujishaji ukiwa wa makusudi au wa uzembe mkubwa. Fomu 1099-MISC, taarifa ya malipo mengine yasiyo mshahara, ikifika ina jumla yote kwenye kisanduku cha 3, usiirudishe: nakala ya wakili, kisanduku cha 10, haikupunguzii chako.