Meza ya mitumba ya bustani Northampton: kama unataka kukusanya nomu anzia hapa

Wadau mnaokaa Midlands huku Uingereza na mnapenda bustani, kuna mama ana meza ya mitumba ya bustani kwenye soko la Jumapili huku Northampton, nampa nyota 4 kati ya 5, na kama unataka kuanza kukusanya nomu (vile vizee vya ndevu nyeupe na kofia nyekundu ya ncha) anzia kwake, usianzie supamaketi.

Kwanini? Anauza wa udongo wa kuchomwa. Siku hizi madukani wamejaa wa resini na plastiki, bei poa kweli, pauni 5 au 6 unaondoka naye, lakini jua likimpiga rangi inapauka, sura inafutika, mwisho unamtupa. Wa udongo ni habari nyingine kabisa. Huyu mama hana haraka na mteja, anamgeuza nomu akuonyeshe tundu la hewa chini, lile wanalotoboa kabla hajaingia tanuruni, anamgonga kwa kucha usikie mlio wake, halafu anakushikisha na wa resini uone ule mstari wa kalibu ubavuni, yaani ukitoka hapo hudanganyiki tena.

Wa Kijerumani ndo wanaotafutwa sana, hasa wa Gräfenroda kule Thuringia ambako Philipp Griebel alianza kiwanda chake 1874. Mwenye alama ya kiwanda, kwa huyu mama ni pauni 60 kwenda juu, ila aliyebanduka rangi kidogo anakushushia vizuri, huyo ndo wa kuanza naye, na jamani msimpake rangi mpya, ukipaka thamani imeondoka. Halafu chagua aina moja ushikilie hiyo. Mimi nachukua nomu wavuvi tu, hata aliyepoteza mwanzi wake wa kuvulia namchukua.

Kuhusu baridi anakwambia mwenyewe kabla hujalipa: udongo unanyonya maji, maji yakiganda yanatanuka, nomu anapasuka au anamenyeka, kwahiyo baridi ikianza kukaza waingizeni ndani. Wakitunzwa wanadumu haswa, nendeni Lamport Hall, jumba la kale hapo jirani, mkamwone nomu anayeitwa Lampy. Sir Charles Isham, aliyekuwa mwenye jumba hilo, alileta nomu 21 kutoka Nuremberg miaka ya 1840 akawapanga kwenye bustani yake ya miamba, amebaki huyo mmoja na inasemekana amekatiwa bima ya pauni milioni 1. Ni udongo huohuo wa kuchomwa!

Nyota moja nimeikata kwasababu ya kufunga mzigo, anazungushia gazeti tu, na ncha ya kofia ndo huwa inaanza kuvunjika, so beba boksi na taulo lako. Kadi hapokei, njoo na keshi, na ufike kabla ya saa tatu asubuhi maana wenye maduka ya antiki wanapita mapema wanachukua wazuri wote.