TAHADHARI: Milango ya kioo ya kufungulia sebule barazani, sampuli nzuri mzigo feki

Wadau mnaotaka kubomoa ukuta wa sebule na kuweka mlango mpana wa kioo wa kuteleza kwenye reli, wa kutokea barazani, jihadharini na wauzaji wa mtindo huu: sampuli nzito mkononi, picha za nyumba za watu wengine, advansi ya asilimia 70 au zaidi, halafu unaletewa kitu kingine kabisa. Rangi ni ile ile, ndiyo maana wengi hawashtuki mapema.

Anzeni na kioo. Kioo cha usalama, kile kilichokazwa kwa moto, hakikatiki tena. Ukijaribu kinasambaratika chote kuwa punje punje. Hukatwa kwa kipimo kamili kiwandani kabla ya kukazwa. Kwa hiyo fundi akikikatia kioo hapo hapo uani kwako, hicho ni kioo cha kawaida, na mtoto akikigonga kinatoa vipande virefu vyenye makali. Kwenye oda dai muhuri uliochomwa kwenye kona ya kila kioo. Ukwangue kwa ukucha: ukibanduka, ni stika tu.

Wizi usioonekana uko kwenye magurudumu. Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba, kwa kila milimita ya unene. Bawa, yaani kipande kimoja cha mlango kinachoteleza, la mita 1.2 kwa 2.4 lenye kioo cha milimita 8 linakaribia kilo 58 kabla hujahesabu fremu. Wanakufungia magurudumu ya dirisha dogo, tena ya chuma kilichopakwa nikeli. Yakipata kutu yanagoma kuzunguka, yanaburuzwa na kuchimba reli ya alumini, na reli ikishachimbika hata gurudumu jipya haliendi. Nenda na sumaku: chuma cha pua cha daraja la 304 hakinasi, au kinanasa kidogo sana.

Fremu pima kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) kwenye ncha iliyokatwa, kabla haijaunganishwa. Sampuli ina milimita 2, mzigo unakuja na 1.2 au pungufu. Kagua pia reli ya chini kama ina matundu ya kutolea maji upande wa nje. Bila hayo, mvua ya upepo inaishia kwenye zulia, hata kama sakafu ya baraza ina mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita.

Ofa ya "kubomoa ukuta bure" ndiyo inayonitisha zaidi. Ukuta ukiwa umebeba kenchi au zege la juu, lazima kwanza paegemezwe kwa nguzo za muda, kisha boriti ya juu ya mlango ikae angalau milimita 150 ndani ya ukuta kila upande, na zaidi uwazi ukiwa mpana. Zege hufikia nguvu yake iliyokusudiwa kwa siku 28. Anayekuahidi kumwaga boriti na kufunga mlango wiki hiyo hiyo anakuuzia nyufa: boriti ikipinda kidogo tu, inakandamiza fremu na mabawa yanakwama.

Unene wa alumini, uzito wake kwa mita, aina ya kioo na ya magurudumu viandikwe kwenye mkataba, na sehemu kubwa ya pesa itoke baada ya ukaguzi. Mzigo ukija tofauti, usisaini hati ya kupokea wala usiruhusu ufungwe. Piga picha ncha za fremu zikiwa na kalipa juu yake, maana zikishaunganishwa ushahidi umefichwa.