Dodoso au mahojiano ya kina?

Afisa wa ustawi wa jamii anayetaka kujua kwa nini watoto wa Korogocho, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, huacha shule ana njia mbili: kupita na dodoso mlango kwa mlango, au kuketi na familia chache azisikilize.

Nguvu ya dodoso ni idadi. APHRC, kituo cha utafiti wa afya na idadi ya watu, kilianza kufuatilia kaya za Korogocho na za Viwandani, mtaa mwingine wa Nairobi, mwaka 2002, na bila kurudi palepale huwezi kujua kama hali imebadilika. Idadi hukata uvumi pia: Kibera ilisemwa ina watu milioni moja, sensa ya 2009 ikahesabu takriban 170,000. (Wapo waliobisha, na kwa sauti.)

Lakini dodoso hujibu ulichowaza kuuliza tu. Muulize mama, "Mtoto yuko shuleni?" atasema ndiyo, hasa akidhani unaandikisha watu wa kupewa msaada. Keti naye akikatakata sukuma wiki, mwache aongee, na huenda ukasikia kwamba mtoto husoma hadi Jumatano, siku zilizobaki analea mdogo wake mama akitafuta kibarua cha kufua. Fomu haina kisanduku cha jibu hilo. Gharama ya mahojiano ni muda: saa moja ya mazungumzo hula saa kadhaa za kunakili, na familia 15 haziwezi kuusemea mtaa mzima.

Mimi ningeanza na mahojiano, kisha nitunge dodoso kwa maneno ya wenyeji. Pesa zikitosha moja tu, na swali likiwa "kwa nini", dodoso lisubiri. Kibali cha NACOSTI, tume ya Kenya inayoidhinisha utafiti, utakihitaji kwa vyovyote.