Nilipima homa ya ini B mara mbili, majibu ya pili ndiyo yaliyonipa picha kamili

Mwezi wa tatu mdogo wangu alichangia damu, baadaye akapigiwa simu aende kuchukua majibu: ana homa ya ini B. Tumekua tukilala kitanda kimoja, basi nami nikaenda kupima.

Zahanati ya mtaani kwetu Mbagala walinitoboa kidole, wakadondosha damu kwenye kile kikadi cheupe. Baada ya dakika 15 ulitokea mstari mmoja penye C, penye T hapakuwa na kitu. "Uko hasi, kachanje." Nikalipa 10,000 ya kipimo, na sindano ya kwanza ya chanjo nikachomwa hapo hapo.

Sikuridhika. Kile kikadi kinatafuta kitu kimoja tu, HBsAg, protini ya ganda la nje la kirusi. Ikionekana, una maambukizi. Isipoonekana, bado hujui kama una kinga, wala kama kirusi kiliwahi kupita mwilini mwako. Hayo hujulikana kwa kupima kingamwili, na zahanati hawakunitajia kabisa.

Wiki iliyofuata nikaenda maabara kubwa mjini, nikaomba vyote vitatu: HBsAg, na kingamwili mbili, anti-HBs na anti-HBc. Damu ya mshipani, kichupa kimoja, 75,000. Ghali, lakini ningelipa tena. Baada ya siku mbili karatasi ikasema HBsAg hasi, anti-HBc chanya, anti-HBs 87. Dada wa maabara alinikalisha, akapitisha kalamu mstari kwa mstari. Anti-HBs kuanzia 10 ni kinga. Mtu aliyekingwa na chanjo peke yake huwa na hiyo tu. Anti-HBc huja kwa aliyekutana na kirusi chenyewe. Kumbe niliambukizwa zamani, pengine utotoni, nikapona bila kujua! Chanjo niliyolipia haikunidhuru, ila sikuihitaji.

Akaniongezea jambo ambalo nimeliandika nyuma ya ile karatasi: siku nikipewa dawa za kushusha kinga, kama baadhi ya zile za saratani, nimwambie daktari kwanza, maana kirusi kilichojificha kwenye ini kinaweza kuamka.

Mdogo wangu anarudia HBsAg mwezi wa tisa, kwa kuwa ikidumu zaidi ya miezi 6 ndipo ugonjwa huitwa sugu. Mama tunampeleka Jumamosi hii, kwa vipimo vyote vitatu.