Mafunzo ya Juu ya Udereva: Siku Mbili Nikiwa Mwanafunzi, Siku Tatu Nikiwa Msimamizi wa Magari

Nimeendesha gari kwa miaka 19 bila kugonga wala kugongwa, na kwa muda wote huo sikuwahi kujiuliza ni sehemu gani ya rekodi hiyo inatokana na ujuzi wangu, na ni sehemu gani inatokana na uangalifu wa watu walionipisha. Swali lilinifikia kwa njia ya kazi. Nasimamia magari 31 ya ofisi yetu, na watu wa bima walipotaka kujua tunawaendelezaje madereva ambao tayari wana leseni, sikuwa na jibu la kuandika. Nikaamua kujilipia kwanza kozi ya siku mbili kama mwenye gari wa kawaida, kisha miezi michache baadaye nikawapeleka madereva wetu 12 kwenye kozi ya siku tatu ya chuo hicho hicho. Jina la chuo naliacha, kwa kuwa nina malalamiko, na kwa kuwa kifurushi nilichonunua kinafanana na vile vinavyouzwa na vyuo vingi vya aina hii.

Saa nzima ya kwanza hatukuwasha injini. Mkufunzi alituketisha mmoja mmoja kwenye usukani, akatutaka tuegemeze mgongo na kunyoosha mkono: kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, kiangukie juu kabisa ya usukani, na mguu unapokandamiza breki hadi mwisho, goti libaki limekunjika kidogo. Mimi nilikuwa naketi mbali mno, tena kwa kujivuna, nikidhani ndivyo wanavyoketi madereva wazoefu. Goti likishanyooka halina nguvu iliyobaki ya kusukumia kanyagio, na nguvu hiyo ndiyo inayohitajika siku ya hatari. Kisha tukakagua tairi. Tairi jipya la gari dogo huwa na mifereji yenye kina cha milimita 8 hivi, na nchi nyingi huruhusu liendelee kutumika hadi milimita 1.6, lakini uwezo wake wa kusukuma maji pembeni huwa umepungua sana kabla ya kufika hapo. Kwa hiyo tairi ambalo sheria haijaliita kipara linaweza kuwa kipara mbele ya dimbwi.

Zoezi la breki lilifanyika kwenye uwanja mpana wa lami, kati ya mistari miwili ya koni, na ndilo zoezi la uwanjani ambalo ningelilipia tena. Tulianza kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, tukaweka koni mahali gari liliposimama, kisha tukarudia kwa kilomita 60. Tofauti ya kilomita 10 inasikika kama ya kupuuzwa. Ukiipiga hesabu kwa lami kavu, breki nzuri na dereva anayechukua sekunde moja kabla ya kukanyaga, gari la kilomita 50 husimama baada ya takriban mita 28. Gari la kilomita 60, likifika kwenye koni hiyo hiyo, bado linakwenda karibu kilomita 40 kwa saa. Sababu ni kwamba nguvu ya mwendo huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi, na kwamba ile sekunde moja ya mshtuko nayo hula mita nyingi zaidi kadiri unavyokimbia. Nilikuwa nimeyasoma haya zamani, lakini kuipita koni yangu mwenyewe kwa kasi ile, mguu ukiwa umekandamiza hadi mwisho, ni elimu ya namna nyingine.

Hapo ndipo nilipogundua pia kwamba sikuwa najua kutumia breki za ABS, ingawa gari langu linazo. Kanyagio lilipoanza kutetemeka na kunguruma chini ya mguu, nilishtuka nikauondoa, kama walivyofanya watatu kati ya wenzangu watano. Mtetemo ule ndio dalili kwamba mfumo unafanya kazi: unalegeza na kubana breki mara nyingi kwa sekunde ili magurudumu yasifunge, na dereva aendelee kuwa na uwezo wa kukata usukani. Kazi ya dereva ni kukanyaga kwa nguvu zote na kutolegeza. Mkufunzi alikuwa mkweli kuongeza kwamba kwenye changarawe mfumo huo unaweza kuurefusha umbali wa kusimama, kwa kuwa gurudumu lililofunga hujichimbia na kurundika kokoto mbele yake, jambo ambalo ABS hulizuia.

Baada ya chakula cha mchana tulipelekwa kwenye uwanja wa kuteleza, ule unaopamba matangazo yote ya chuo. Ni sakafu laini inayomwagiwa maji, na gari hufanywa lipoteze mshiko kwa makusudi. Tulijifunza kutambua hali mbili: pua ya gari inapokataa kona na kwenda moja kwa moja, na mkia unapotoka na kutaka kukutangulia. Tulicheka, tulipiga picha, na kila mmoja aliondoka akijiona bingwa. Hilo ndilo linalonisumbua. Zoezi hili lilichukua muda wa saa tatu, muda mrefu kuliko zoezi lingine lolote la siku hiyo, na hakuna aliyesema neno moja kuhusu historia yake. Norway ilipowapa madereva wapya mafunzo ya barabara zenye utelezi, uchunguzi wa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba ajali za vijana wa kiume ziliongezeka badala ya kupungua; waliamini wameshaumudu utelezi, wakaacha kuuogopa. Miaka hiyo hiyo madereva wa teksi wa mjini Munich waliopewa magari yenye ABS hawakupata ajali chache kuliko wenzao wasio nayo, kwa kuwa usalama waliouongezewa waliutumia kukimbilia. Chuo kinachofundisha kuliokoa gari linaloserereka bila kumweleza mwanafunzi hatari ya kujiamini kunakotokana na mafunzo hayo kinafundisha nusu ya somo, na ile nusu yenye faida ndiyo kinayoiacha.

Siku ya pili ilikuwa ya barabarani, na laiti ingekuwa siku zote mbili. Tuliingia watatu katika gari moja, mkufunzi pembeni, na kila mmoja alitakiwa aendeshe huku akisimulia kwa sauti anachokiona, anachokitarajia na anachokifanya. Dakika tano za mwanzo ni za aibu tupu. Nilikuwa nikisema, “Kuna gari, kuna gari jingine, kuna mti,” na mkufunzi akawa ananiuliza kwa upole, “Na lile gari lililoegeshwa, magurudumu yake ya mbele yameelekea wapi?” Baada ya nusu saa simulizi lilibadilika: gari limeegeshwa mbele, magurudumu yamekatwa kuja barabarani, kuna kichwa cha mtu nyuma ya usukani, natoa mguu kwenye mafuta na kujisogeza katikati kidogo. Basi limesimama, natazama chini ya uvungu wake kama kuna miguu ya mtu anayezunguka mbele. Ulimi hauwezi kusimulia kitu ambacho jicho halijakitafuta, kwa hiyo jicho hulazimika kufanya kazi.

Mbinu nyingine iliyonikaa ni ya kusoma kona. Ukitazama mbali, kingo mbili za barabara huonekana kukutana mahali fulani. Mahali hapo pakiwa panakusogelea, kona inajifunga na kasi yako ni kubwa mno, na pakianza kukukimbia, kona inafunguka na unaweza kuongeza mwendo polepole. Nguzo za umeme na mistari ya miti pia hudokeza njia inakoelekea, ila zisiaminiwe peke yake, kwa maana nguzo zina tabia ya kukatisha shambani wakati barabara inapinda. Kila hatari ilikabiliwa kwa mpangilio ule ule: kukusanya habari, kuchagua mahali pa gari, kurekebisha kasi, kuchagua gia, na mwisho kuongeza mwendo. Mpangilio huu si ubunifu wa chuo chetu. Chimbuko lake ni mafunzo ya polisi wa London ya miaka ya 1930 katika shule ya udereva ya Hendon, na mwaka 1956 taasisi ya Institute of Advanced Motorists ilianzishwa Uingereza ili raia wa kawaida nao wapimwe kwa kipimo cha juu kuliko cha leseni.

Kasoro ya siku hiyo ni hesabu rahisi: watu watatu wakigawana gari moja kwa saa sita, pamoja na mapumziko, kila mmoja anabaki na muda usiofika saa mbili kwenye usukani. Aliyekuwa nyuma alijifunza kiasi, lakini tulilipa kwa bei ya kuendesha. Ripoti niliyotumiwa baadaye ilikuwa na sentensi ambazo zingeweza kumhusu mtu yeyote, na cheti kilinipongeza kwa “kiwango cha juu” ingawa niliambiwa ana kwa ana kwamba nakaribia mno magari ya mbele. Mkufunzi alinifundisha kuhesabu sekunde mbili kamili tangu gari la mbele lipite alama fulani hadi mimi niifikie, na kuziongeza ziwe nne barabara ikiwa imelowa. Maneno hayo yalistahili kuwa kwenye ripoti kuliko pongezi.

Kozi ya madereva wa ofisi ilinifundisha mambo tofauti kabisa. Kosa la kwanza lilionekana asubuhi mapema, pale chuo kilipoleta magari madogo matupu kwa ajili ya watu ambao kila siku huendesha pikapu na magari ya mizigo. Gari lililobeba mzigo husimama mbali zaidi, huinama zaidi kwenye kona, na mzigo usiofungwa huwa na safari yake wenyewe dereva akifunga breki. Hakuna kati ya hayo yanayoweza kuonyeshwa kwa gari dogo. Kosa la pili ni kwamba kurudi nyuma kulipewa dakika 20 tu, ilhali katika daftari letu la uharibifu makwaruzo na taa zilizovunjika hutokea zaidi gari likirudi nyuma kuliko likienda mbele. Ushauri uliotolewa katika dakika hizo ulikuwa mzuri, yaani kuegesha kwa kinyumenyume unapofika ili uondoke ukitazama mbele, na kushuka kutazama pale usipoona. Ulihitaji mazoezi, si maelezo.

Kilichookoa kozi hiyo ni alasiri ya siku ya tatu, ambayo kwenye ratiba ilipewa jina baridi la “majadiliano” na ambayo nilikusudia kuikwepa. Mkufunzi alikataa kuanza kabla mimi na mwenzangu anayepanga safari hatujaketi. Aliwauliza madereva ni kitu gani huwafanya waendeshe vibaya hata pale wanapojua namna ya kuendesha vizuri, kisha akanyamaza. Dereva wetu mkongwe, ambaye vijana humwita Babu, alieleza kwamba siku za safari ndefu huamka saa tisa usiku na kuirudisha gari saa mbili usiku. Mkufunzi alituonyesha maana ya saa hizo: utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulilinganisha utendaji wa watu waliokesha na wa watu waliokunywa, na ukaonyesha kwamba mtu aliye macho kwa saa 17 hufanya kazi kama mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi humzuia mtu kuendesha. Babu alikuwa akizifikisha saa hizo kwa ratiba tuliyoipanga sisi. Dereva mwingine alisema simu inayomsumbua zaidi barabarani ni ya msimamizi. Msimamizi ni mimi. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, sekunde mbili za kutazama jina langu kwenye kioo cha simu ni mita 55 za kwenda bila macho.

Baadaye nilielewa kwa nini saa zile mbili zilizaa matunda kuliko siku mbili za koni. Uswidi walipolinganisha hatua mbalimbali kwa madereva wa kampuni yao kubwa ya simu, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996, kundi lililokutana kujadili matatizo ya barabarani na kuamua lenyewe la kufanya ndilo lililopunguza ajali zaidi, likilipita hata kundi lililopewa mafunzo ya udereva. Na mwaka 2003 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, yaliyokusanya majaribio ya mafunzo ya watu wenye leseni hayakupata ushahidi kwamba mafunzo hayo peke yake hupunguza ajali au majeruhi. Anayenunua kozi kwa ajili ya ofisi yake anapaswa kuyajua haya kabla ya kutia saini, na muuzaji mwaminifu angemwambia.

Kwa mwenye gari binafsi, ningesema alipie siku ya barabarani, adai idadi ya saa atakazokuwa kwenye usukani iandikwe kwenye mkataba, na auone uwanja wa kuteleza kama burudani. Kwa kampuni, ningemtaka anayepanga safari aketi darasani tangu mwanzo, na magari ya mazoezi yawe yale yale ya kazini. Sisi tumehamisha kuondoka kwa safari ndefu hadi saa kumi na mbili asubuhi, tumeongeza usiku mmoja wa kulala njiani, na mimi sipigi simu kwa dereva aliye safarini. Nasubiri apige yeye akisimama.

Nimekiandikia chuo kuomba kundi la pili lifanyiwe majadiliano na siku ya barabarani pekee. Wamejibu kwamba uwanja wa kuteleza ndio unaowaletea wateja na hauwezi kutolewa kwenye kifurushi, ila wamekubali kutuongezea siku moja ya mkufunzi wa barabarani, na kwa siku hiyo nimeomba apande pikapu letu, mzigo ukiwa ndani.