Mashine ya kutotolesha mayai 56: nimeitumia raundi 3, hiki ndo nilichokiona

Nimeinunua mwezi wa 6 Kariakoo laki 2 na 80, ile ya plastiki yenye mfuniko wa kuonea ndani, feni moja juu, inageuza mayai yenyewe kila baada ya masaa 2, inatumia umeme wa kawaida na betri ya 12V. Sitaji jina kwa sababu zinazofanana nayo zipo nyingi sana na ugonjwa wao ni mmoja. Nyota 3 kati ya 5, na hizo 2 nilizokata ni za kipimo cha joto peke yake.

Nipo Dodoma. Raundi ya kwanza nimepanga mayai yote 56 ya kienyeji, nimeset joto 37.8 kama karatasi ya maelekezo ilivyosema, kioo cha mashine kinasoma 37.8 usiku na mchana, nikatulia. Siku ya 7 nikamulika kwa tochi ya simu gizani, 7 hayakuwa na mbegu kabisa na 3 yana pete ya damu ndani, yaani yalianza yakafa, nikayatoa. Yaliyobaki 46 mishipa inaonekana safi kama mizizi. Sasa siku ya 19 asubuhi na mapema nasikia vifaranga vinalia, wengine hapo wangefurahi, mi moyo ulishtuka maana kuku ni siku 21, vikitoka siku 2 kabla ujue vimepikwa. Vilitoka 21 tu na vingine kitovu hakijafunga vizuri. 25 vilifia ndani, vingi vimeshatoboa kabisa ule utando umewagandia kama gundi. Iliniuma mno kwa kweli. Nikampigia muuzaji akasema shida ni mayai yako bosi, tafuta mayai mazuri.

Haikuwa mayai. Nilichukua kipimajoto cha homa kile cha kioo, kile kinabaki palepale kilipofika juu kabisa hakishuki mpaka ukikung'ute, nikakilaza usawa wa mayai masaa kadhaa. Kikasoma 38.9. Kioo cha mashine muda wote huo kinasema 37.8! Yaani digrii 1 na pointi kwa wiki 3 nzima, kwa kifaranga hiyo ni nyingi mno. Kwa mashine yenye feni joto linatakiwa liwe 37.5 mpaka 37.8, likizidi vinawahi kutoka na vitovu vibovu, likipungua vinachelewa na vinatoka vimelegea.

Kurekebisha ni rahisi ila karatasi yao haielezi vizuri: kwa mashine yangu unashikilia kitufe cha SET kama sekunde 3 zinaanza kutokea herufi, unabonyeza mpaka ufike CA, hapo ndo unaongeza au kupunguza ile tofauti. Mi nikaongeza 1.1, kioo na kipimajoto vikaanza kuongea lugha moja. Fanyeni hivi KABLA hamjaweka hata yai moja, iwasheni siku nzima tupu kwanza.

Upande wa unyevu ndo nilikosea mimi raundi 2 za kwanza. Ya kwanza ilikuwa mwezi wa 7, Dodoma upepo mkavu, maji yanaisha kwenye mfereji wa maji wa mashine ndani ya siku moja na sikuwa naangalia, halafu siku ya kutotoa nikawa nafunua mfuniko kila mara kuwasaidia, kila ukifunua unyevu unakimbia wote na utando unakauka juu ya kifaranga. Raundi ya pili kwa hofu nikajaza mifereji yote 2 tangu siku ya kwanza. Vikachelewa mpaka siku ya 22, vimevimba tumbo, vingine vimekufa na maji kwenye yai kabla hata ya kutoboa. Nikapata 27. Inatakiwa asilimia 45 hadi 55 siku 18 za kwanza, yai lipumue lipunguze maji yake, halafu siku 3 za mwisho unapandisha 65 mpaka 70, unazima kugeuza, na mfuniko hugusi mpaka vikauke. Kifaranga kina kiini tumboni kinakaa hata siku nzima bila kula, msiwe na haraka.

Jambo lingine ambalo sijaona mtu akilisema, zile nafasi za treya zimetengenezwa kwa mayai makubwa ya kizungu. Mayai yetu ya kienyeji madogo yanacheza mle ndani, treya inasogea yai linateleza halizunguki. Niligundua baada ya kuyachora X upande mmoja kwa penseli, nikakuta mengine X ipo juu asubuhi na jioni. Yasiyogeuka kifaranga kinagandia upande mmoja. Hayo madogo nayageuza kwa mkono mara 3 kwa siku, yanayobaki namwachia mashine.

Raundi ya tatu: mayai yasiyozidi siku 7 tangu kutagwa, CA imerekebishwa, mfereji mmoja tu mpaka siku ya 18. Vifaranga 43 kati ya 56, vimekauka vinakimbia, siku ya 21 jioni vyote nje. Nilivyoviona nilikaa pale kwenye stuli nusu saa nzima navitazama.

Umeme ukikatika hapo ni wewe. Siku ya 12 ya raundi ya pili ulikatika masaa 5, nikafunika mashine na blanketi, nikamulika kesho yake bado yanacheza. Ila waya wa betri hauji na mashine, unanunua pembeni, na vibanio vyake uvijaribu mchana kwanza usije ukahangaika navyo saa 8 usiku gizani.